Nani Kasema Dar Hakuna Kitu?

Kuna kauli imezoeleka mjini hapa kiasi kwamba hakuna anayeibishia tena. Utaisikia kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, kwenye vikao vya wadau wa sanaa vinavyofanyika hotelini, na kwa vijana waliokwenda Kigali au Nairobi kwa wiki moja wakarudi wameikinai Dar. Wanasema jiji hili ni kubwa kwa watu na magari, ila kwa muziki na utamaduni hakuna kitu. Dansi limekufa, taarabu imechuja, na Bongo Fleva ni kijana anayefuatisha mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Ukitaka utamaduni, panda boti uende Zanzibar mwezi wa pili kwenye Sauti za Busara, au subiri tamasha la Bagamoyo. Na dawa wameshaiandika: tujenge ukumbi mkubwa kama wa Kigali, tuwaalike mastaa wa Marekani, ndipo Dar nayo itahesabika.

Mimi nabisha. Nabisha kwa sababu kauli hiyo si kweli, na kwa sababu inawaumiza watu wale wale wanaolichangamsha jiji hili kila wiki. Mpiga gitaa la rizimu anayepanda jukwaani Kinondoni Jumamosi usiku hana njia ya kujibu makala ya gazeti. Inapotangazwa kwamba muziki wake ulishakufa, mwenye ukumbi anasikia, mdhamini anasikia, afisa wa manispaa naye anasikia, na kila mmoja anaanza kumhesabu kuwa ni marehemu.

Tuanze na hesabu yenyewe inavyopigwa. Chukua orodha yoyote ya matukio ya wiki hii Dar es Salaam uisome. Utakuta filamu au onyesho la muziki kwenye kituo cha utamaduni wa Kifaransa Upanga, maonyesho ya uchoraji Nafasi Art Space kule Mikocheni, DJ kwenye hoteli ya Masaki, na tamasha la kituo cha redio kama msimu wake umefika. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Nafasi imefanya kazi ya kuheshimika tangu 2008, na wachoraji wengi wa jiji hili wamepata pa kushikia brashi kwa sababu yake. Ugomvi wangu ni kwamba orodha inaishia hapo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na walio wengi hawaishi Masaki wala Oysterbay. Wanaishi Mbagala, Tandale, Manzese, Buguruni, Tandika, Mburahati, Gongo la Mboto, Kimara, Chanika. Huko orodha haifiki kabisa, kana kwamba watu wa huko kazi yao ni kula na kulala. Kisha mwenye orodha anaisoma mwenyewe na kutoa hukumu kwamba jiji halina kitu.

Dansi ndilo linalozikwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo tulitazame. Msondo Ngoma ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ikabaki na jina la mtindo wake. Mlimani Park, wenyewe wanaiita Sikinde, ilianza 1978 na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ile DDC ya ukumbi wa Kariakoo. Enzi hizo karibu kila taasisi ilikuwa na bendi yake: kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, Umoja wa Vijana, JKT, Polisi, Magereza. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Mashirika yalipoyumba katika miaka ya 1980 na 1990, bendi nyingi zilikwenda na maji, na wajuzi wakatangaza kwamba dansi halitaiona karne mpya. Karne mpya ikaingia, na Twanga Pepeta ya Asha Baraka ikawa inaujaza uwanja wa Mango Garden, Kinondoni, wiki baada ya wiki. Muhidin Gurumo alifariki Aprili 2014, muda mfupi baada ya kutangaza kustaafu, akiwa ameimba kwa karibu nusu karne. Bendi alizozipitia hazikufa pamoja naye. Msondo na Sikinde wakikutanishwa jukwaa moja mpaka leo, mashabiki wao hubishana wiki nzima kabla na wiki nzima baada.

Sikatai kwamba dansi limepungua. Bendi ni chache, vyombo vingi ni vya zamani, na wapuliza tarumbeta wamezeeka huku wanaojifunza wakiwa wachache mno. Hilo linanihuzunisha na nitalirudia. Lakini kupungua si kufa, na anayemtangazia mgonjwa kifo huku bado anapumua anawafukuza hata wale waliokuwa njiani kuja kumuuguza.

Nendeni mkaone. Saa tatu usiku ukumbi haujajaa. Bendi inapiga nyimbo za wenzao kupasha vyombo moto, fundi mitambo anahangaika na kipaza sauti kinachopiga miluzi. Kufika saa tano wazee wameshaingia na wake zao, kina mama wa kikundi fulani wamekaa meza moja na sare zao za kitenge, na vijana wawili watatu wamesimama karibu na jukwaa wakiangalia vidole vya mpiga solo. Wimbo unaanza taratibu. Waimbaji wanasimulia kisa chao beti kwa beti, mkasa wa ndoa au wa ndugu waliogombania nyumba, na watu wazima wanaimba nao kila neno. Halafu tarumbeta zinaingia, ngoma inabadilika, chemko linaanza, na meza zote zinabaki tupu. Mzee mwenye baraghashia anatembea mpaka mbele bila haraka, anambandika mwimbaji noti ya shilingi elfu kumi kwenye paji la uso, anarudi kucheza. Pesa ile ni sehemu ya riziki ya yule mwimbaji, kwa maana kiingilio pekee hakitoshi kugawana watu kumi na tano. Huu ni muziki wa laivu mwanzo mwisho. Wanaolalamika kwamba Dar hakuna laivu wamepita nje ya ukuta wa ukumbi huo mara nyingi, wakiwa kwenye foleni, na hawakushuka.

Taarabu nayo inasemwa vivyo hivyo. Watu wanakumbuka miaka ya 1990, TOT ya Kapteni Komba ikishindana na Muungano ya Norbert Chenga, Khadija Kopa akirusha kijembe huku na kijembe kikirudishwa kule, na wanahitimisha kwamba enzi ile ilipita. Wanasahau kwamba baada yake ilikuja taarabu ya kisasa, na Jahazi ya Mzee Yussuf ikawa inakusanya wanawake wa jiji zima kwenye kumbi kama Travertine pale Magomeni na Dar Live kule Mbagala. Wanawake hao huanza kujiandaa wiki mbili kabla. Kuna mchango wa sare, kuna fundi cherehani, kuna mrembaji wa hina, kuna bajaji ya kukodi kwa usiku mzima. Wimbo unapofika kwenye ubeti fulani, mwanamke anainuka na pesa mkononi, anacheza polepole kuelekea jukwaani, na kila aliye ukumbini anajua anayeambiwa ni nani. Mhakiki atasema haya ni umbeya. Mimi nasema sijui sanaa nyingine katika jiji hili ambapo msikilizaji anauchukua ubeti wa mtunzi na kuufanya kauli yake mwenyewe mbele ya watu mia tano, kwa hiari, kwa pesa yake.

Lakini ushahidi mzito kuliko yote unatoka uswahilini kabisa, na hapa ndipo ninapokasirika.

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku. Vijana walichukua kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, wakakiunganisha na spika za honi, wakaongeza ngoma na stuli ya mbao ya kugonga, wakatengeneza muziki wa kukesha kwenye harusi na shughuli za uswahilini, wenye mizizi katika ngoma za Wazaramo. Waungwana wakauita uhuni. Jagwa Music, kundi la Mwananyamala, waliupiga muziki huo mpaka 2012 kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa albamu yao ya Bongo Hotheads, na wakazunguka kwenye matamasha ya Ulaya. Nyumbani orodha za matukio hazikuwahi kuwa na nafasi yao.

Kisha ikaja singeli. Tandale, Manzese, Mburahati, Mbagala. Vijana walikata vipande vya taarabu na mchiriku kwenye kompyuta, wakavikimbiza kwa kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na juu yake kijana mmoja na kipaza sauti akawa anaimba maisha ya mtaani bila kuvuta pumzi: kodi ya chumba, mama mwenye nyumba, bodaboda, mapenzi ya kukopeshana. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, majina haya yalikuwa makubwa mitaani kabla redio hazijakubali kuyataja. Studio ya Sisso pale Mburahati ilikuwa chumba kidogo tu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso. Ukafuata mwaka 2018 na albamu ya Bamba Pana, kisha 2019 ya Jay Mitta na ya Duke. Waandishi wa muziki wa Ulaya wakaandika kwamba hawajawahi kusikia kitu kama hicho, na vijana wa Mburahati wakaanza kupewa viza kwenda kupiga Berlin na kwingineko.

Kwa hiyo Kampala ilisikia kabla ya Masaki kusikia. Kutoka Masaki mpaka Mburahati ni safari ya daladala moja au mbili. Wakati ule ule watu wa vikao vya hotelini walikuwa wanaandika maazimio kwamba Dar haina sauti yake yenyewe, jirani yao alikuwa anatengeneza muziki mpya kabisa wa bara hili katika muongo ule. Nani basi alikosa kitu, jiji au wao?

Tena hii si mara ya kwanza. Remmy Ongala alitoka Kongo akaja Dar mwaka 1978, akaimba na Super Matimila kuhusu maskini, kifo na ukimwi. Wimbo wake wa kuhimiza kondomu ulikataliwa na redio ya taifa. Wazungu nao walimsikia, na mwaka 1989 wakatoa albamu yake Uingereza. Mtaa haukungoja ruhusa ya redio wala ya Wazungu. Sinza kuna sehemu inaitwa Kwa Remmy, na makondakta wanaitaja kila siku mpaka leo, ingawa yeye alifariki Desemba 2010. Katika jiji hili watu wameita mahali kwa jina la mwanamuziki bila halmashauri kupitisha azimio lolote. Jiji lisilo na utamaduni halifanyi hivyo.

Najua nitakachojibiwa, kwa kuwa nimejibiwa mara nyingi. Wataniambia, ndugu, hizo ni shughuli za watu binafsi: harusi, unyago, arobaini ya mtoto. Tukio la utamaduni ni lile lililo wazi kwa umma, lenye tarehe, tangazo na tiketi.

Sawa. Simama Mbagala Jumamosi alasiri mdundiko ukipita. Mwali anatolewa, au harusi imeanza, na ngoma inatoka uani inaingia barabarani. Wapigaji wanatembea huku wanapiga. Wanawake wanafuata, watoto wanafuata, muuza mihogo anasogeza beseni lake pembeni. Daladala zinasimama. Mtu ambaye hajui hata familia ile ni ya nani anaingia kati, anacheza hatua ishirini, anatoka anaendelea na safari yake. Haulizwi na mtu. Mlango hakuna, tiketi hakuna, na msanii amelipwa na mwenye shughuli. Kama hiyo haiko wazi kwa umma, nionyeshwe iliyo wazi zaidi. Tamasha linaloingiwa kwa tiketi ya laki moja ndilo lililofungwa.

Na kuhusu tarehe: jiji hili lina kalenda, tena ya zamani na imara, ila haianzi Januari. Siku za mwisho za Shaabani ni vunja jungu, watu wanamalizia starehe kabla ya Ramadhani, na ndoa zinafungwa mfululizo. Ramadhani bendi zinapumzika, ngoma zinawekwa. Idd mosi na Idd pili hakuna ukumbi uliolala, kuanzia Mbagala hadi Kawe, na kila bendi yenye wimbo mpya inausubirisha hadi siku hiyo. Mfungo sita unaingia na maulidi yake, kasida na dufu, madrasa kwa madrasa, usiku wote. Upande wa pili kuna Pasaka na Krismasi, na wakati huo kwaya za mjini zinazindua albamu na kualikana makanisani. Mtu asidhani kwaya ni jambo dogo. Kwaya kama ya Uinjilisti Kijitonyama au ya AIC Chang'ombe nyimbo zao zinaimbwa nje ya mipaka ya Tanzania, na waimbaji wake ni watu wa jiji hili hili: wauguzi, walimu na mafundi umeme, wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Juu ya hayo yote kuna mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, ambao ndio unaoamua kiingilio. Na kuna Saba Saba, barabara ya Kilwa ikifurika watu. Mwenye kutafuta matukio ya Dar kwa kalenda ya ofisini peke yake atakuta mwezi mmoja mtupu na mwingine umejaa, na hatajua sababu.

Sasa tuje kwenye Kigali, kwa kuwa ndiyo fimbo wanayotuchapia. Ukumbi wa BK Arena ulifunguliwa 2019, unachukua watu wapatao 10,000, na Desemba 2023 Kendrick Lamar alipiga pale. Nawapongeza Wanyarwanda kwa dhati, jambo hilo linahitaji umeme wa uhakika, barabara, usalama na serikali inayotimiza ahadi, na wao wamelifanya. Dar ikijenga ukumbi kama huo sitaandamana kuupinga. Ila msiniambie kwamba ukumbi ndio utaleta muziki. Ukumbi wa watu elfu kumi unahitaji msanii anayeweza kuwaita watu elfu kumi, na hapa wasanii wa namna hiyo ni wachache. Diamond anaweza, na wenzake kadhaa. Waliobaki wote, bendi za dansi, vikundi vya taarabu, ma-MC wa singeli, vikundi vya ngoma, wanaishi kwa kumbi za watu mia mbili hadi elfu moja. Hizo ndizo zinazopungua. Uwanja wa wazi wenye mwembe na jukwaa la zege unauzwa, panajengwa ghorofa la fremu za maduka. Baa iliyokuwa na bendi kila Ijumaa inanunua runinga tatu kubwa za kuonyesha mpira wa Uingereza, kwa sababu runinga haidai posho wala chakula cha usiku. Hapo ndipo dansi linapoumia. Mbona sijasikia kikao hata kimoja cha wadau kikiulizana habari za kumbi ndogo?

Badala yake kinachozifikia kumbi ndogo ni makatazo. Vigodoro, zile shughuli za muziki wa kukesha mitaani, vimepigwa marufuku na wakuu wa wilaya na mikoa mara kwa mara, kwa tamko la mdomo mbele ya kamera. Baraza la mazingira, NEMC, nalo limezifungia baa kwa kelele, likitumia kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Hapa sitaki kujifanya sioni. Malalamiko ya kelele ni ya kweli. Mama mwenye mtoto mchanga Tandale, mgonjwa, mwanafunzi wa kidato cha nne anayefanya mtihani Jumatatu, wote wana haki ya kulala. Vigodoro vimekuwa na mambo ambayo mzazi yeyote hawezi kuyatetea, watoto kukesha barabarani na wanawake kushikwa shikwa gizani. Lakini angalieni tofauti ya adhabu. Wikiendi ya tamasha kubwa, muziki unapigwa hadi alfajiri kwenye uwanja uliozungukwa na nyumba za watu, na polisi wanakuwepo kulinda. Mtaani, turubai likifungwa na spika za kukodi zikiwashwa, polisi wanakuja kuchukua spika. Kama shida ni kelele, pangeni saa za mwisho na ziwahusu wote. Kama shida ni watoto na usalama wa wanawake, wekeni sungusungu na taa. Kama ni mahali, Mwembe Yanga ipo, Mnazi Mmoja ipo, viwanja vya Biafra vipo. Viacheni viwe na siku zake za ngoma na singeli, kwa ada ambayo kijana wa Mburahati anaimudu. Kupiga marufuku muziki wenyewe na kisha kulalamika kwamba jiji halina muziki ni mambo mawili yasiyoweza kutoka kinywa kimoja.

Lipo na lile la lugha chafu. Ni kweli baadhi ya singeli zina matusi. Baadhi ya nyimbo za unyago zina maneno mazito zaidi na zimeimbwa na bibi zetu, mahali pake na kwa watu wake. Taarabu ya mipasho nayo ilishutumiwa hivyo hivyo, leo inachezwa kwenye hafla za serikali. Singeli yenyewe, iliyoitwa ya wahuni, imepigwa kwenye mikutano ya kampeni za uchaguzi pale kura zilipohitajika. Wanasiasa walijua wasanii hao walipo, wakawapata na kuwapandisha kwenye lori. Kwa nini basi kampeni zikiisha hawaonekani tena?

Sauti za Busara inatajwa kila mara kama kipimo cha kutuaibisha, na mimi ni mpenzi wake mkubwa. Tangu 2004 imesimamia muziki wa laivu pale Ngome Kongwe kwa msimamo usioyumba. Lakini hata yenyewe, mwaka 2016, haikufanyika kwa kukosa fedha. Tamasha la siku chache, hata liwe bora namna gani, linategemea wafadhili, na wafadhili huondoka. Isitoshe, makundi mengi yaliyopanda jukwaa lile yametoka Dar. Yalipatia wapi mazoezi? Yamepiga kwenye harusi za Temeke, kwenye baa za Kinondoni, kwenye kumbi ambazo mwandishi wa orodha hazijui. Anayevuka bahari kutoka Dar kwenda kutafuta utamaduni Unguja anakwenda kuwasikiliza watu aliowaacha nyuma ya nyumba yake.

Tatizo la Dar basi ni lipi? Ni kwamba mtu wa Kimara hajui kinachopigwa Tandika Jumamosi hii, na hana pa kujulia. Zamani Redio Tanzania ilirekodi bendi na kuzirusha, na magazeti yalichapa matangazo ya bendi zitakapopiga wikiendi, mtu alijipanga. Siku hizi habari inasafiri kwa bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme, kwa gari la matangazo linalopita mtaa mmoja, na kwa kundi la WhatsApp la wanaojuana. Asiye kwenye kundi hana habari. Akikosa habari anasema hakuna kitu, na kosa hilo la taarifa linaandikwa gazetini kuwa ni kosa la utamaduni.

Nalo lina dawa isiyohitaji zege wala mkopo. Mwenye onyesho la hadhara hapa mjini haanzi kupiga tu. Anapita serikali ya mtaa, anapita kwa afisa utamaduni, anapita polisi, na anaacha ada yake. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lipo tangu sheria ya 1984 na linasajili wasanii na kutoa vibali. Maana yake ni kwamba katika ofisi za Kinondoni, Ilala, Ubungo, Temeke na Kigamboni, kila wiki kuna mtu mwenye daftari linaloonyesha nani anapiga, wapi, saa ngapi. Daftari hilo linatumika kukusanya pesa. Litumike pia kuwaambia wananchi. Karatasi moja kila Alhamisi, kwenye mbao za matangazo za kata, vituo vya mwendokasi, na kurasa za manispaa ambazo tayari zipo na zimejaa picha za uzinduzi wa vyoo. Vituo vya redio vya mjini, vinavyoishi kwa muziki, visome orodha hiyo Ijumaa jioni bila kudai malipo kwa bendi ambayo haina hata pesa ya nyuzi za gitaa.

Na hapa hatuna muda mwingi. AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke. Mashabiki kutoka Dakar, Cairo na Abidjan watatoka uwanjani saa nne usiku wakiuliza pa kwenda. Mpango ukifuata fikra iliyotawala, watapandishwa mabasi kupelekwa pwani ya Masaki, wakaonyeshwa wacheza ngoma wa kukodi kwa nusu saa kabla ya chakula cha hoteli, na kulala. Wakati huo TCC Chang'ombe iko karibu kabisa na uwanja, Dar Live iko barabara ya kwenda Mbagala, na mitaa ya Temeke yote inajua kukesha. Maafisa utamaduni wa wilaya zote tano waanze orodha hiyo sasa, wiki hii, kwa ajili yetu tunaoishi hapa, wafanye makosa yao na kuyarekebisha, ili wageni wakifika wakute kitu tulichokwisha kukizoea. Temeke ndiyo ianze, kwa kuwa uwanja ni wake na wanamuziki ni wake.